Dada wa Majengo, mwambie fundi aandike 'e'

Asalaam aleikum watu wangu wa Mombasa, Kisauni, Likoni, Changamwe, nyote. Leo niko London, Ludgate Hill, karibu na kanisa kuu la St Paul's. Uchochoro huu hapa waingia Stationers' Hall, jumba la chama cha kale cha wauza vitabu, na nimekuja kwa makusudi. Kuna dada wa Majengo anafungua duka la madaftari, kalamu na fotokopi. Fundi wa kuchora ubao amuuliza: 'stationary' au 'stationery'?

Dada yangu, mwambie aandike 'e'. Sababu yake iko hapa hapa nilipo.

Zamani vitabu vikinakiliwa kwa mkono. Wachuuzi wengi walikuwa wakizunguka na mali yao, lakini muuza vitabu alikuwa na kibanda chake pahali pamoja. Kwa Kilatini cha wakati ule akaitwa 'stationarius', na Waingereza wakamwita 'stationer'. Mwaka 1403 watu wa kazi hiyo wakapata chama chao hapa London, na mwaka 1557 wakapewa hati ya kifalme. Bidhaa za 'stationer', karatasi, wino, bahasha, ndizo 'stationery'. Ile 'er' ni ya mwenye duka, kama ilivyo katika 'baker' na 'bakery'. Wengi hufundishwa wakumbuke 'e' ya 'envelope'. Si vibaya, lakini mimi naona ukimjua huyu muuzaji, herufi haikupotei tena.

'Stationary' yenye 'a' ni kitu kilichosimama, hakiendi. Maneno yote mawili yatoka kwa 'stare' ya Kilatini, kusimama, na hutamkwa vivyo hivyo, kwa hivyo sikio halitakusaidia.

Madereva, hili ni lenu pia. Umegongwa nyuma kwenye foleni ya feri Likoni, sasa wajaza fomu ya bima. 'My vehicle was stationary': gari langu lilikuwa limesimama. Maneno hayo yasema hukuwa ukienda ulipogongwa, nayo ni hoja kubwa upande wako. Ukiandika 'e' huenda wakakuelewa, lakini jamani, fomu ya madai si pahali pa kumwachia mtu akisie.

Na dada, kabla fundi hajachovya brashi: usimwache aongeze 's' mwishoni. Hata duka likijaa hadi darini, ni 'stationery' tu.