Ēriks Pētersons na nafasi iliyoachwa wazi

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuja. Leo tunamzungumzia Ēriks Pētersons, mshambuliaji wa klabu ya RFK ya Riga, mji mkuu wa Latvia, aliyeichezea Latvia mechi 63 na kuifungia mabao 21 kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Rekodi hiyo ya mabao ilidumu zaidi ya miaka 60, mpaka alipotokea mshambuliaji mwingine wa Latvia, Māris Verpakovskis.

Msimfikirie kama nyota wa leo mwenye wakala na mamilioni. Nchi yenyewe ilijitangazia uhuru mwaka 1918, na timu ya taifa ilicheza mechi yake ya kwanza 1922, sare ya 1-1 na Estonia. Wanamichezo wengine walicheza huku na huku, mchezo zaidi ya mmoja. Jānis Lidmanis, mwanasoka wa kizazi hichohicho, mwaka 1935 alikuwa Geneva na timu ya Latvia ya mpira wa kikapu iliyowafunga Wahispania 24-18 na kutwaa ubingwa wa kwanza wa Ulaya. Ndiyo, pointi 24, fainali nzima!

Lakini kwa kizazi hiki cha Pētersons, jambo linaloniuma mimi ni Vienna, mji mkuu wa Austria. Katika kufuzu Kombe la Dunia la 1938 nchini Ufaransa, Latvia iliitoa Lithuania kwa 4-2 nyumbani na 5-1 kule Kaunas. Ikabaki Austria, timu iliyoshika nafasi ya nne duniani 1934. Kocha wa Latvia, Rudolf Stanzel, naye alikuwa Mwaustria, kwa hiyo alikuwa anarudi kwao kuwafunga ndugu zake. Tarehe 5 Oktoba 1937, Iļja Vestermans wa Latvia akatangulia kufunga. Wenyeji wakarudisha, wakaongeza la pili: 2-1.

Machi 1938 Ujerumani ikaimeza Austria. Wachezaji kadhaa wa Vienna wakavalishwa jezi ya Ujerumani, na nafasi ya Austria kule Ufaransa ikabaki wazi. Latvia haikuitwa. Sweden, iliyopangwa kukutana na Austria mjini Lyon, ikapewa ushindi wa mezani, kisha ikaichapa Cuba 8-0.

Wapo wanaosema aliyefungwa kafungwa, akae kwake. Mimi sikubali. Kati ya Machi na Juni muda wa kuwaita watu wa Riga ulikuwepo, na walikuwa wamepungukiwa bao moja tu.

Nafasi nyingine hawakuipata. Mwaka 1940 Wasovieti waliikalia Latvia, timu ya taifa ikafutwa, na haikuonekana tena uwanjani hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990.