Mifupa, Upanga na Chombo Kisicho Jahazi

Assalaam aleykum, na wengine hamjambo. Nimepewa muda mfupi nizungumze juu ya The 7th Voyage of Sinbad, sinema ya 1958, na walionisikia siku zilizopita wanajua naanzia wapi: pale kwenye ngazi ya mzunguko, Sindbad na upanga wake, kiunzi cha mifupa na wa kwake. Mnivumilie. Vijana huniambia, "Ah, ile ya kizamani, madude mazuri, hadithi imepooza." Nakubali. Sinema ile ni pilau ambayo nyama yote imelundikwa upande mmoja wa sufuria. Lakini ukitaka kujua kwa nini, usiwalaumu waigizaji, nenda ukaitazame meza ya Ray Harryhausen, fundi aliyeyachezesha yale madude.

Kwanza mwigizaji, Kerwin Mathews, alifanyishwa mazoezi na mwalimu wa upanga, Enzo Musumeci Greco, kila pigo na namba yake. Kisha mwalimu akatoka, kamera ikawashwa, Mathews akarudia namba zile zile akipigana na hewa. Hapo ndipo pa kuharibikia. Upanga ukigonga upanga husimama ghafla. Asiye na mtu mbele yake, mkono hupitiliza. Ukipitiliza shibiri moja tu, mifupa itaonekana imekatwa katikati nayo haina habari.

Baadaye mkanda ule ukarushwa kwa nyuma juu ya skrini ndogo, fremu moja moja, yaani picha moja moja ya mkanda. Mbele ya skrini, mezani, alisimama mwanasesere wa mifupa asiyefika futi moja, ndani ana vyuma vyenye viungo vya gololi. Kati yake na kamera kuna kioo, na sehemu ya chini ya kioo, ile inayoficha meza, imepakwa rangi nyeusi. Piga fremu. Sogeza mkono kidogo, mguu kidogo, kichwa kidogo, badilisha picha ya nyuma, piga nyingine. Sekunde moja inakula fremu 24. Ukimaliza, rudisha mkanda mwanzo, weka kioo cha pili kilichopakwa kinyume cha kile cha kwanza, upige sehemu ya chini peke yake. Sasa Sindbad yuko nyuma ya mwanasesere na sakafu ya kweli iko mbele ya miguu yake.

Mpaka wa ile rangi usipofuata ukingo wa jiwe au wa ngazi, mstari utaonekana ukitetemeka. Taa ikiungua katikati ya kazi, mpya haiwaki sawasawa na ile ya kwanza, na rangi inaruka mbele ya macho ya watu. Akija mtu kukuamkia, ukasahau mkono ulikuwa unapanda au unashuka, basi, anza upya.

Miaka 5 baadaye, katika sinema ya Jason and the Argonauts, Harryhausen alifanya mifupa 7 dhidi ya watu 3, na mmoja wa wale 7 ni huyu huyu wa 1958. Kila mmoja ana mikono, miguu na kichwa, kwa hiyo ni misogeo 35 kwa fremu moja. Alikuwa akipata kama fremu 13 kwa siku, yaani nusu sekunde na kidogo. Pambano lilichukua miezi 4 na nusu. Halafu mtu yuko kitini anakula karanga, anasema linakatika-katika!

Linakatika, ndiyo. Kitu kinachokwenda mbio mbele ya kamera huacha ukungu kidogo, na mwanasesere aliyesimama tuli kila fremu hana ukungu. Tena picha iliyopigwa mara ya pili kutoka skrini hupauka na kujaa chenga. Ndiyo sababu mwenye jicho hujua jitu linakuja kabla halijatokea: picha yenyewe imechafuka. Ataniambia mtu kompyuta imeyamaliza hayo. Imemaliza chenga, bwana. Mwigizaji anayekodolea kijiti akijifanya ameona dubwana bado yuko pale pale.

Na hadithi je? Harryhausen alianza na michoro mikubwa: mifupa ngazini, lile jitu la jicho moja lenye miguu ya mbuzi. Miguu ile aliifanya makusudi, asije mtu akadhani ni mwanadamu kavaa ngozi. Mwandishi akaja baadaye kuunganisha mchoro na mchoro. Binti mfalme anafupishwa awe wa kiganjani ili Sindbad apate sababu ya kwenda kutafuta ganda la yai la Rukh, lile dege kubwa. Kwa wenye kitabu cha Alfu Lela U Lela, Rukh ni wa safari ya pili na ya tano, na jitu linalokula watu ni la safari ya tatu. Ya saba hapo ni jina tu.

Kinachonikera mimi ni chombo. Nahodha anatoka nchi ya Khalifa wa Baghdad, halafu anapanda nakala ya Santa Maria, merikebu ya Columbus, iliyokuwa bandarini Barcelona! Hakuna foromali, ile boriti ya tanga, iliyolala kwa mshazari, hakuna omo la jahazi, ile ncha ya mbele. Mtoto wa Mji wa Kale aliyewahi kushuka Bandari ya Kale atalijua hilo kabla mtu hajafungua mdomo.

Naona naonyeshwa saa. Muziki wa Bernard Herrmann nauruka, ila sikilizeni zailofoni mifupa inapopigana. Mchawi Sokurah naye, Torin Thatcher, ndiye pekee anayeigiza kana kwamba yale madude yapo.

Wenye kutaka kujaribu kuchezesha mwanasesere wa udongo kwa simu: fungeni simu isitikisike, fokasi na mwanga mvifunge visijirekebishe vyenyewe. Fremu 12 kwa sekunde zinatosha. Funga dirisha, maana wingu likipita picha inapepesa. Tumia taa ya betri, umeme wetu mnaujua. Feni zima. Udongo ukianza kulainika kwa joto, mwanasesere atainama mwenyewe kati ya fremu na fremu, kwa hiyo mtieni waya ndani kabla hamjaanza, si baada ya kuanguka.