Chozi la Iron Eyes Cody: sentensi ya kwanza ya wasifu

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za asubuhi. Kubonyeza "hariri" mnajua, kwa hiyo leo tukae na sentensi moja tu, ile inayofungua wasifu wa mtu katika Wikipedia.

Mtu wetu ni Iron Eyes Cody. Mwaka 1971 televisheni za Marekani zilianza kuonyesha tangazo la Keep America Beautiful, shirika linalopinga utupaji ovyo wa taka. Mzee aliyevaa ngozi, nywele zimesukwa mikia miwili, anapiga kasia mtumbwini. Kadiri anavyosonga mto unazidi kuchafuka, na viwanda vinafuka moshi. Anateremka ufukoni palipojaa takataka, anafika kando ya barabara kuu. Gari linapita, mtu anarusha mfuko wa taka, unapasuka miguuni pake. Mzee anageuka kututazama, chozi moja linamtiririka shavuni. Hasemi neno.

Tukipewa mtu huyo, wengi tungeandika: "Iron Eyes Cody alikuwa mwigizaji wa asili ya Wacherokee na Wacree." Hayo ni makabila ya Wamarekani Asilia, na ndivyo alivyojieleza mwenyewe miaka na miaka, na magazeti yakampokea hivyo. Tanbihi za kuonyesha chanzo ungezipata, tena nyingi, na sentensi ingekuwa ya uongo.

Mwaka 1996 gazeti la Times-Picayune la New Orleans lilimfuatilia hadi Louisiana, alikozaliwa. Jina lake lilikuwa Espera Oscar de Corti, mtoto wa wahamiaji kutoka Italia. Ndugu yake wa kike akathibitisha. Cody alikana mpaka anaingia kaburini. Hata lile chozi lilikuwa tone la gliserini.

Hapo ndipo mkono unapowasha kuandika "tapeli". Nawasihi, msiandike. Neno hilo ni hukumu, na hukumu si kazi yetu. Mtu huyu hakuvua mavazi yale kamera zilipozimwa, aliishi nayo. Alimwoa Bertha Parker, mwanamke wa asili ya Waseneca na Waabenaki, wakaasili watoto. Mwaka 1995 Wamarekani Asilia wa Hollywood walimtunukia heshima kwa mchango wake, huku wakitamka wazi kwamba yeye si mwenzao kwa damu. Wasifu unaobeba neno "tapeli" hauna tena pa kuyaweka haya yote, nami nayahesabu kuwa sehemu ya ukweli wake.

Mimi napendekeza hivi: "Iron Eyes Cody (jina la kuzaliwa: Espera Oscar de Corti, 3 Aprili 1904 – 4 Januari 1999) alikuwa mwigizaji wa Marekani mwenye asili ya Italia, aliyejulikana kwa kuigiza Wamarekani Asilia katika filamu na katika tangazo la mwaka 1971 dhidi ya uchafuzi." Tazameni neno "kuigiza" lilivyokaa. Madai yake kuhusu ukoo yanafuata aya ya pili, yakitajwa kuwa ni madai yake, na chanzo chake kando.

Sasa shukeni hadi chini kabisa ya ukurasa, kwenye jamii, yaani makundi ambamo ukurasa umeorodheshwa. Wengi husafisha juu wakasahau huku. Jamii ya Wamarekani Asilia ikibaki, orodha nzima inaendelea kumtaja mtu ambaye hakuwa mmoja wao. Iondoeni, na katika muhtasari wa uhariri, kile kisanduku cha kueleza ulichobadilisha, msiandike "marekebisho" tu. Andikeni: "Nimeondoa jamii, wazazi wake walitoka Italia, tazama tanbihi." Atakayefungua historia ya ukurasa miaka kumi ijayo asilazimike kubahatisha.

Tena msiishie 1999. Mwaka 2023 Keep America Beautiful lilikabidhi haki za tangazo hilo kwa National Congress of American Indians, shirika la Wamarekani Asilia wenyewe, nao wakalistaafisha. Hilo lina aya yake.

Na mmoja wenu, tafadhali, aanze ukurasa wa Bertha Parker. Alikuwa mwanaakiolojia. Mwaka 1930, katika pango la Gypsum huko Nevada, ndiye aliyejipenyeza kwenye upenyo akaibuka na fuvu la mnyama mkubwa aliyekwisha toweka duniani. Huyo jamii ile ya Wamarekani Asilia ni yake kweli.