Kuni Utaleta Wewe?

Wakubwa shikamooni, na vijana hamjambo. Nimeambiwa kesho asubuhi mnaanza kuingia kwenye kaya kufundisha afya, kwa hiyo leo sitawasomea daftari.

Mwaka wangu wa kwanza nikiwa bwana afya, kuhara kuliwasumbua sana watoto wa kata niliyopangiwa. Nikapita nyumba kwa nyumba nikifundisha kuchemsha maji ya kunywa. Nilikuwa na picha za vijidudu, nilikuwa na sauti, na nilijiona nafanya kazi. Mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaniletea kigoda nikae, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Kuni utaleta wewe?"

Sikuwa na jibu. Mwanawe alikuwa amelazwa kwa kuhara mara mbili, hivyo hakuna jipya nililomwambia kuhusu hatari. Kuni alizifuata mbali, akienda asubuhi na kurudi jua limepanda, na hazikutosha hata kupikia. Jioni ile nikaandika kwenye ripoti kwamba wananchi hawana mwamko. Sentensi hiyo inaniuma hadi leo, na ndiyo iliyonifanya nitafute kusoma zaidi.

Nilipopata nafasi ya kusoma nikakutana na habari ya Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Serikali yao ilipeleka magari ya eksirei mitaani, bure, ili kifua kikuu kigunduliwe mapema. Watu wengi hawakujitokeza. Mtaalamu wa saikolojia aitwaye Godfrey Hochbaum akaenda kuwahoji watu zaidi ya 1,200 katika miji mitatu. Miongoni mwa walioamini kwamba ugonjwa ungeweza kuwapata, na kwamba kuugundua mapema kuna faida, 82 kati ya kila 100 walikuwa wameshapiga picha ya kifua kwa hiari yao. Miongoni mwa waliokosa imani zote mbili walikuwa 21 tu.

Kutokana na kazi hiyo yeye na wenzake, akiwemo Irwin Rosenstock, walijenga nadharia ambayo hadi leo inafundishwa vyuoni. Wanasema mtu hupima moyoni. Je, hili linaweza kunipata mimi? Likinipata, litaniumiza kiasi gani? Nikifanya mnavyosema, nitapata nafuu? Na kufanya hivyo kutanigharimu nini? Halafu hubaki akisubiri kitu cha kumsukuma aanze, labda msiba wa jirani, labda tangazo la redio.

Mimi nilikuwa nimejibu maswali matatu ya kwanza kwa ufasaha mkubwa. La nne, lile la kuni, sikujua hata kwamba lipo.

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura akaandika juu ya jambo lililokuwa limepungua hapo: mtu kuamini kwamba yeye, kwa mikono yake na hali yake, anaweza. Alifanya majaribio na watu wenye hofu kubwa ya nyoka. Waliomtazama mwenzao akimshika nyoka walipata ujasiri kiasi, lakini walioongozwa hatua kwa hatua mpaka wakamshika wenyewe walipata ujasiri zaidi. Ndiyo maana nawasihi, msimweleze mama namna ya kufunga chandarua huku mmesimama mlangoni. Ombeni ruhusa, mfunge naye, halafu kifungueni, afunge yeye.

Na hofu peke yake msiitegemee. Tuliwahi kubandika picha za kutisha tukidhani watu watakimbilia kituo cha afya. Mtu aliyetishwa bila kuonyeshwa njia anayoiweza huziba masikio. Hilo si ubishi. Anajinusuru na hofu ambayo hana pa kuipeleka.

Sasa nije kwetu, maana hapa kuna utajiri tunaousahau. Wazee mliopo mnakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Kwa wiki 12 karibu watu milioni 2 Tanzania walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kitabu, wakajadili, kisha wakaamua pamoja la kufanya. Mimi naona nguvu yote ilikuwa kwenye hilo la mwisho. Redio ingeweza kumwambia mtu achimbe choo akaitikia na kulala. Lakini akishasema mbele ya majirani kwamba Jumamosi anachimba, na majirani wanachimba, choo kinachimbwa. Vyoo vingi sana vilichimbwa katika kampeni ile.

Miaka 20 baadaye, 1993, Radio Tanzania ikaanza mchezo wa Twende na Wakati. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, aliishia kuugua UKIMWI. Mkewe Tunu alianza akiwa amenyamaza, akasimama kidogo kidogo, akaanzisha biashara yake. Watu walijifunza zaidi kwa Tunu kuliko kwa mhubiri yeyote, kwa sababu alianza pale walipo wao. Watafiti waliacha eneo la Dodoma bila kipindi hicho kwa miaka miwili ili walinganishe, na maeneo yaliyosikiliza yakaonyesha ongezeko kubwa zaidi la matumizi ya uzazi wa mpango.

Dada pale nyuma ameuliza: na anayekubali leo, kesho anarudia yale yale? Wanasaikolojia James Prochaska na Carlo DiClemente waliwafuatilia watu wanaoacha sigara wakaona mtu hupita hatua, na kurudi nyuma ni kawaida. Mkikuta chandarua kimekunjwa, ulizeni kilichotokea. Msigombe.

Lakini kuna ambalo kaya haiwezi kulibeba peke yake. Mkutano wa kimataifa wa afya uliofanyika Ottawa, Kanada, Novemba 1986, ulisema wazi kwamba afya hujengwa pia na sera, mazingira na nguvu ya jamii. Kijiji kisicho na bomba, msikilaumu kwa mikono isiyonawa. Andikeni kwenye ripoti kwamba maji hayapo, na mwandike kila mwezi.

Kwa yule mama nilirudi, baada ya miezi. Safari hii nilibeba chupa tupu za plastiki zinazoonyesha ndani. Tulichuja maji kwa kitambaa mpaka yakawa maangavu, tukajaza, tukazilaza juani juu ya bati la banda la mbuzi kwa saa 6. Jua kali likiwaka hivyo, linaua vijidudu. Kukiwa na mawingu mazito, zinaachwa siku 2. Alizigeuza geuza, akacheka, akasema hizi anaziweza.

Nilipopita tena, kwenye bati la jirani yake nako kulikuwa na chupa nne. Nyumba hiyo sikuwahi kuingia.