Korosho 16 Juu ya Bao

(Mazungumzo na walimu wa hisabati na wanachuo, Mtwara)

Wakubwa shikamooni, vijana hamjambo. Waliowahi kunisikia wanajua nitasema nini. Nitasema tena, maana bado hamjafanya: likizo tukae pamoja, walimu na wanachuo, tufanye utafiti wa hisabati.

Likizo moja ya Juni nilikuwa barazani Mikindani na kijana wa chuo, anasomea ualimu wa hisabati. Nikamwambia: leo hatuli kete za mtu. Chukua mashimo 16 ya upande wako, weka kete moja moja, zoa shimo lolote, zungusha ukiacha kete moja kila shimo. Kete ya mwisho ikiangukia penye kete, zoa zote uendelee mpaka ulale, yaani iangukie shimo tupu. Umezoa mara ngapi? Akahesabu, na ile ya kuanzia ikiwemo: mara 9. Mbili mbili? Mara 7. Tatu tatu? Mara 5. Kijana akacheka. "Mwalimu, nne nne ni 3. Kumi na moja utoe mara mbili ya kete za shimo moja." Akaiandika kabisa mchangani. Nikasema, cheza basi.

Ikatoka 5.

Akasema amekosea, akarudia. 5. Mzee mmoja pale hakuvumilia, akamsukuma kando akacheza mwenyewe. 5! Tano tano sasa zinataka kete 80, na bao zima lina 64. Tukajazia korosho 16 zenye maganda yake. Ikatoka 8. Kijana akaifuta fomula yake kwa mguu, halafu usiku akanipigia simu kuuliza: na mashimo yakiwa 12 je?

Simu hiyo ndiyo ninayoitafuta. Wengi wetu humu tumefundisha miaka na miaka bila kukaa hata mchana mmoja mbele ya swali ambalo jibu lake haliko nyuma ya kitabu. Tutamfundishaje mtoto kuuliza?

Marekani, pale Duluth, Minnesota, Joseph Gallian alianza mwaka 1977 kukusanya wanachuo wa shahada ya kwanza wakati wa likizo yao ya majira ya joto, wafanye utafiti. Mwaka 1987 shirika la serikali yao linalogharamia sayansi likaanzisha mpango wa kulipia programu za namna hiyo, na wanachuo hupewa posho. Naona mmekaa vizuri mliponisikia nikisema posho. Na Park City, Utah, tangu miaka ya 1990, mwalimu wa sekondari hukaa sehemu moja na mwanachuo na mtafiti katika majira hayo ya joto. Mwalimu, jamani! Si kuja kufundishwa namna ya kujaza andalio la somo. Kuja kufanya hisabati.

Mtaniambia Julai tunapulizia mikorosho dawa ya salfa. Hata mimi napulizia. Salfa ni ya alfajiri, upepo haujaamka; saa nne asubuhi unafanya nini? Mtaniambia silabasi. Silabasi haifungwi kwa likizo? Mwingine ataniambia hatuna kompyuta. Nimetaja kompyuta mimi?

Nilitaka kusema habari ya ukili na mikeka, ina hesabu nzito ile, na nani awasimamie wanachuo, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Haya. Bao liko pale mlangoni. Sita sita zinataka 96, kwa hiyo tunapungukiwa 32. Nani ana korosho?