Analia Machozi, Kumbe Jicho Kavu

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Poa. Kuna kaka wa bodaboda kanidaka hapo mlangoni, ananambia dokta mimi jicho kavu sina, mbona nikiwa barabarani machozi yanantiririka mpaka shavuni? Basi ndo huyo huyo nilomjia leo.

Machozi yana vitu vitatu. Juu mafuta, yanatoka kwenye vitezi vidogo vilivyojipanga ukingoni mwa kope, katikati maji ya chumvi yenye kinga ya kuua bakteria, chini kabisa ute unaoyashikiza yasiteleze. Hiyo kinga moja inaitwa lisozaimu, kaigundua Alexander Fleming yule wa penisilini, mwanzoni mwa miaka ya 1920 kabla hata penisilini yenyewe haijajulikana, na alikuwa anawakamulia watu limau machoni ili apate machozi ya kupimia, msijaribu nyumbani tafadhali (kicheko).

Sasa mafuta yakipungua au vile vitezi vikiziba, maji yanakauka fasta, jicho linachoma, ubongo unaleta maji mengi kwa mkupuo na yenyewe hayakai, yanamwagika tu. Wengi wenye macho makavu shida yao iko hapo kwenye mafuta.

Vinavyokausha macho ni upepo wa pikipiki bila miwani, moshi wa kuni, AC, umri, akina mama hedhi ikikoma, hata dawa za aleji. Halafu simu! Mtu anapepesa kama mara 15 kwa dakika, akikodolea skrini inashuka hata chini ya nusu, na kule kupepesa ndo kunakokamua mafuta na kuyasambaza.

Nyumbani fumba macho, weka kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu dakika 5 mpaka 10, kisha kanda kope taratibu. Yapo na matone ya machozi bandia. Ila hii ya kuazima dawa ya jirani kisa ilimsaidia, aisee inanikera, maana nyingine zina steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, wekundu unaisha kweli unafurahi, kumbe ukizizoea zinapandisha presha ya jicho na unaweza ukapofuka kabisa.

Ndiyo, dada mwenye kitenge, uliza. Maziwa ya mama kuyatia jichoni? Hapana dada'angu, hayo mwachie mtoto anyonye.