Mbeya Haijasogea: Jinsi Kiingereza Kinavyopima Ukaribu

Mhadhara kwa walimu wa Kiingereza wa shule za sekondari, Mbeya

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, habari za asubuhi.

Nianze na mpaka. Hadi mwanzoni mwa 2016 mkoa wetu wa Mbeya ulipakana na Zambia. Ukamegwa Mkoa wa Songwe, Tunduma ikaenda huko, na mpaka wa Zambia ukatutoka. Hakuna kilichosogea hata shubiri. Barabara ni ileile na foleni ya malori ni ileile. Lakini Mwingereza makini ilimbidi abadilishe maneno. Zamani angesema mkoa huu uko "next to Zambia". Leo atasema "near Zambia". "Next to" haipimi kilomita. Inauliza jambo moja tu: katikati pana kitu? Songwe ilipoingia katikati, neno likaisha kazi. "Near" haijali cha katikati, inatazama umbali, na umbali wenyewe unanyumbulika: Tunduma, kama kilomita 100 kutoka hapa mjini, ni "near" kwa dereva wa lori, lakini bomba la maji lililo kilomita 2 si "near" kwa mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani.

Wanafunzi wetu hawalioni hilo kwa sababu "karibu na" inawatosha kotekote. Wakiandika "near with" msiwacheke, ni ile "na" yetu imevuka nao. Simamisheni watoto watatu mbele ya darasa, muulize nani yuko "next to" nani. Kisha mwondoeni wa katikati, wawili waliobaki wasisogee, mwulize tena. Somo limeisha, hata ubao hamkuugusa.

Swali la pili ni la kugusana, na hapa ndipo penye kazi. Nzi ametua darini. Hiyo -ni yetu haisemi ametua upande gani, na wala hatuna haja ya kuambiwa. Mtoto akitafsiri anakimbilia "juu ya", anaandika "above the ceiling", na nzi wa watu anajikuta huko juu pamoja na panya. Mwingereza anasema "on the ceiling", kwa sababu "on" yake ni kushikana na uso wa kitu, uwe wa juu, wa ubavuni au wa chini. Na kinyume chake: ndege ikipita juu ya Mlima Loleza, ukiandika "on" umeshaita waokoaji. Gunia la viazi sokoni Mwanjelwa, lililoegemezwa ukutani, ni "against the wall", maana halikugusa tu, limeutwika ukuta uzito wake.

Msije mkadhani Kiswahili ni maskini. Sisi mzigo huo tumeubebesha kitenzi: limeegemea, imebandikwa, zimepakana, wamesongamana. Tazameni "fumba" na "fumbata". Ukifumba mkono, umeufunga tu. Ukifumbata, ndani pana kitu na kiganja kinakigusa pande zote. Hiyo -at- ni kiambishi cha kale cha Kibantu, cha mgusano, na ndiyo iliyomo kwenye "kamata" na "ambata". Mnaozungumza Kinyakyusa, Kisafwa au Kihehe, itafuteni kwenye vitenzi vya nyumbani.

Kwa hiyo "picha imebandikwa ukutani" inatosha kuwa "the picture is on the wall". Kubandikwa kumeshamezwa na "on". Mtoto anayeng'ang'ania kitenzi chake hajakosea sarufi, ila sentensi yake itachechemea.

Misemo naipitia haraka. "Cheek by jowl", shavu kwa taya, ni ya vibanda vilivyobanana. Sisi tuna pua na mdomo. "A stone's throw" mnaifahamu kutoka Injili ya Luka, Yesu alipojitenga na wanafunzi kiasi cha kutupa jiwe. Madalali wa viwanja siku hizi hulitupa jiwe hilo mbali mno. "Adjacent", yaani kilichopakana na kingine, waachieni wapima ardhi na walimu wa hesabu.

Moja kwa wasahihishaji: "beside" ni kando ya, "besides" ni licha ya au zaidi ya. Aliyeandika "I sat besides my mother" alitaka tu kuketi kando ya mama yake. Mkateni alama, lakini mwandikieni sababu pembeni.